Lavonte Alipokaba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na mdogo wangu Lavonte mzima, ila kachubuka goti kidogo, usihangaike. Mgongo wako vipi? Shangazi Ernestine bado anakuletea mboga, au mmeshanuniana tena kanisani?

Najua unasubiri habari za ule mchezo wa kikapu. Mama, ukumbi ulijaa! Ni wale nyota wanaomaliza chuo mwaka huu, wanachezeshwa pamoja mara moja tu ili wakubwa wa timu za kulipwa wawaone. Kila mmoja kavaa kaptula ya chuo chake, timu ikawa kama nguo zetu kwenye kamba.

Sasa shida ilikuwa hii. Mchezo huu hakuna anayekaba. Ndiyo desturi yao. Ukija na mpira nakupisha, unafunga kwa mbwembwe watu wanashangilia, halafu na wewe unanipisha. Na Lavonte wetu unamjua, kufunga siyo kazi yake, kazi yake kukaba. Atajionyesha na nini? Nusu ya kwanza nikawaona wale wakubwa wanamruka tu kwa macho, kama hayupo.

Mapumziko akanifuata kwenye kiti, akaninong'oneza kwamba akikaba wenzake watamchukia. Nikamwambia hao wenzake anaagana nao kesho asubuhi.

Basi akamvaa Brannigan, yule mrefu wa chuo cha Kentucky anayeonyeshwa kila siku kwenye televisheni. Akampokonya mpira. Watu wakamzomea! Brannigan akacheka, akamwambia, "We dogo, hii sherehe bwana, nani kakualika na rungu?" Lavonte akamjibu keki ataikuta kwao. Brannigan akaruka kufunga tena, Lavonte akamzuia hukohuko juu, mpira ukaangukia kwa muuza karanga. Hapo kicheko kikaisha. Brannigan akaanza kucheza kweli, na yeye akakaba, mwishowe wote wakakaba, na watu walewale waliozomea wakasimama. Tulifungwa kwa pointi moja. Brannigan akaja kumkumbatia, anamwambia, "Mshenzi wewe, nilikuja kupiga picha tu!"

Sasa sikiliza, Mama. Timu za hapa hazikumfuata. Aliyemfuata ni kocha mmoja wa Uturuki, anatafuta mkabaji. Miaka miwili, na safari ni Agosti. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenyamaza, na wewe ukinyamaza mimi siwezi kusema kitu.

Lavonte alimwambia yule kocha hawezi, kakuahidi anarudi nyumbani. Lakini nilikuwa namwangalia, kadi ya yule kocha hajaiachia. Basi mimi huyu, nisiyeweza hata kusoma tangazo kanisani kwa aibu, nikasema kwa sauti kwamba anakubali. Wote wakanigeukia. Lavonte akacheka hadi akatoa machozi, akampa kocha mkono. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Mimi siondoki Mississippi, nitakuwa nawe hapo nyumbani. Tunafika Jumapili na basi la mchana. Wasalimie wote, na Shangazi hata kama mmenuniana. Lia ukitaka, Mama, ila mwache ale kwanza.

Mwanao,
Dewitt