Mstari Nilioruka Katika Barua ya Nyunzu

Mama Mujinga mpendwa,

Nakuandikia nikiomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usiisome barua hii redioni kabla ya siku hiyo, utaona mwenyewe kwa nini.

Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na sita hapa Kalemie, nasali pamoja na watu waliokimbia vita upande wa Nyunzu na sasa wanaishi kambini Katanika, na kila Alhamisi mchana tunajifunza barua ambazo mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Tesalonike walipokuwa wanateswa, mimi nasoma kwa sauti kwa kuwa wengi hawakupata shule, kisha pasta anaeleza. Tulikubaliana kufanya kama mtume, tukawaandikia wenzetu waliobaki kijijini, na Papa Kyungu, anayesukuma baiskeli ya mihogo, akaipeleka barua yetu, na baada ya wiki tano akaleta jibu.

Pasta alikuwa safarini Moba, kwa hiyo nilifungua bahasha mbele ya watu wote nikaanza kusoma bila kuipitia kwanza. Shemasi Eugène aliandika kwamba wanatusalimu, kwamba kanisa limechomwa na sasa wanasali chini ya turubai, halafu macho yangu yakatangulia mdomo: Josias ameuawa akitoka shambani, wamemzika na shati lake la kwaya. Mama yake, Mama Odile, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, ananitazama mdomoni. Nikasema, "Josias anamsalimu mama yake, yuko mzima, anauliza kama ndagala za Kalemie bado zina mchanga." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Watu wakacheka, na Mama Odile akacheka kuliko wote, akasema, "Njo yeye kabisa. Tumbo yake tu."

Tangu siku ile, kila Alhamisi ananiomba, "Mutoto wangu, soma tena pale pa Josias," nami nasoma mstari ambao haupo, na sasa naujua kwa moyo kana kwamba uliandikwa kweli. Amekausha kikapu kizima cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, amezitoa mchanga mojamoja, na amepata nafasi kwenye lori la Ijumaa aende kumchukua mwanawe, na barabara ile wote tunaijua. Mimi nilitaka kutia moyo, kama zile barua tunazojifunza. Nikisema ukweli atanichukia, na hakuna atakayeamini tena ninachosoma, hata Maandiko. Bado natumaini iko njia ya kumzuia asisafiri bila kumwambia. Nionyeshe njia hiyo.

Msomaji wa Alhamisi

Mama Mujinga anajibu:

Binti yangu, jibu hili nakutumia kwa mkono leo Jumanne. Redioni litasomwa Mama Odile akishajua, na akikubali.

Njia unayoitafuta haipo. Ukimdanganya kwamba lori limeharibika, atapanda linalofuata.

Nakuhurumia. Hukupaswa kukikuta kifo cha mtu peke yako mbele ya mkeka mzima, na wakubwa waliokuachia bahasha ile wana sehemu yao ya kosa, mwambie pasta nimesema hivyo. Lakini siku ya kwanza mdomo ulikukimbia. Alhamisi zilizofuata ulichagua. Umemnyima mama matanga ya mtoto wake. Kijijini wameshalia, wameshamzika, na yeye yuko Katanika anatoa mchanga kwenye ndagala.

Na hizo barua unazozisoma kila wiki, umezisikia? Watu wa Tesalonike walikuwa wamefiwa. Mtume hakuwaruka wafu wao. Alisema juu yao waziwazi, na hapohapo ndipo alipowaambia watu watiane moyo. Kisha akaagiza barua isomwe kwa wote.

Kesho ukitoka shuleni, nenda kwa Mama Odile, lakini usiende peke yako. Mchukue mke wa pasta na mwanamke mwingine mwenye nguvu, maana mama anaweza kuanguka. Kikapu kiwekwe kando. Usianze kwa kuomba msamaha, huo ni mzigo wako, hauna haraka kama wake. Mwambie, "Mama, Josias alikufa. Mimi nilijua." Kisha soma mstari ule kama Eugène alivyouandika, pamoja na shati la kwaya, polepole, bila kuongeza neno. Mpe karatasi aishike mkononi, hata kama hajui kusoma. Ni yake. Akikupiga, usikimbie. Akikufukuza, toka, lakini usiende nyumbani: chota maji, kutakuwa na watu wa matanga wa kunywa.

Alhamisi simama mbele ya wote usome barua nzima, kuanzia salamu hadi jina la aliyeandika. Huenda kazi ya kusoma watampa mwingine. Kubali. Wakikurudishia siku moja, kila barua ipitie kwanza kimya, ukiwa na mtu mzima pembeni.

Na siku Mama Odile atakapokuita tena, iwe mwezi ujao au mwaka ujao, akasema umsomee pale pa Josias, msomee. Safari hiyo mstari utakuwepo.