Alasiri Zetu za Kukosa Kazi

Baba yangu mpendwa,

Leo ni Jumapili, na huku Itumba ninakofundisha kote kumelowa. Mvua ilianza tukiwa bado kanisani, umeme ukakatika, na simu yangu imezima. Madaftari ya wanafunzi nilishayasahihisha jana. Kufua siwezi, na shambani hakukanyagiki. Nimelala nikaamka, nikasimama dirishani kutazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, nikarudi kukaa. Mwalimu mwenzangu ninayepanga naye nyumba amenitazama akasema, "Dada, Jumapili hii inaboa mpaka inauma." Nikacheka, kisha nikakukumbuka wewe, nikachukua kalamu.

Maana sijawahi kukosa kazi na mtu yeyote kama nilivyokosa kazi na wewe.

Ule mwaka niliokaa nyumbani kwetu Mpemba, kando ya barabara kuu ya kwenda mpakani, mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, vyeti viko kwenye bahasha juu ya kabati, nasubiri ajira kama wenzangu wote. Wewe ulikuwa umerudishwa nyumbani na macho. Presha ya macho, daktari alisema, na kwamba tumechelewa. Ulikuwa umeendesha malori tangu kabla sijazaliwa, Dar es Salaam hadi Lusaka, hadi Lubumbashi, na sasa ukawa unaona mwanga na vivuli tu. "Ni kama natazama dunia kupitia chandarua kilichokunjwa," uliniambia. Mama alikuwa anatoka asubuhi kwenda kuuza mchele sokoni Tunduma, nyumbani tunabaki sisi wawili, watu wazima wenye nguvu zetu, hatuna pa kuzipeleka.

Wiki za mwanzo tuligombana sana. Wewe ulitaka taarifa ya habari, mimi nilitaka muziki, na redio ni moja. Tuligombana kwa ajili ya chai, kwa ajili ya mlango uliobaki wazi. Ulikuwa unaniuliza saa, nikikujibu unakaa kidogo, unauliza tena. Na yale malori kule barabarani hayakutusaidia. Ulikaa kibarazani ukiwasikiliza wenzako wakiwa kwenye foleni ya kuelekea mpakani, na waliokufahamu walikuwa wanakuja kukusalimia wakisubiri zamu yao. "Mwapoleni mukwai!" Wazambia walikusalimia kwa Kibemba wangali mbali, nawe ulisimama kwa furaha kabla hata hujajua ni nani. Kisha foleni inasogea, wanakimbilia magari yao, nawe unarudi kukaa. Nilikuwa nauogopa uso wako kwa dakika zile walipoondoka.

Tulijaribu mambo mengi, baba. Tulicheza drafti ya vizibo vya soda, vyako vimelala chali na vyangu kifudifudi ili vidole vyako vivitambue. Ulinifunga mpaka ukachoka, ukasema kucheza na mimi ni sawa na kusukuma gari lililozimika. Mama akakuletea sindano ya kroshia na uzi, akakufundisha kwa kukushika vidole. Dereva wa semi-trela mwenye mikono kama majembe akaanza kufuma kitambaa cha kochi! Kilitoka kimepinda upande mmoja kama sikio la ng'ombe. Mama alikitandika hivyohivyo, na mgeni akikishangaa anaambiwa, "Kazi ya baba Tusekile hiyo." Siku zile ulicheka. Lakini ukimaliza kucheka ulikuwa unauliza saa tena.

Jioni moja nilikusikia ukimwambia mama, ukidhani mimi niko nje, "Mama Tusekile, mtu akikaa hivi anaoza." Mama aliendelea kupepeta mchele, na mimi nikasimama koridoni nimeshika ndoo tupu, nisijue niende wapi.

Halafu ikaja ile siku ya pikapu.

Uliinunua ukiwa na ndoto ya kulima mpunga kwenu Msangano, na tangu macho yaanze kufifia ilikuwa imekaa tu chini ya mparachichi. Mama alishaanza kuitafutia mnunuzi, "mzee mweupe" kama alivyokuwa akiiita. Siku hiyo nilitoka dukani nikakuta kibaraza kitupu. Nikaita, kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuona umekaa ndani ya pikapu, upande wa dereva. Injini imezimwa. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto unabadilisha gia, mguu unakanyaga klachi.

"Baba, unafanya nini?"

Hukushtuka hata kidogo. "Niko Kitonga," ulisema. "Napanda. Usinisemeshe kwenye kona."

Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Michana yote ile ambayo mimi nilikuwa nimezama kwenye simu nikidhani umelala chumbani, wewe ulikuwa unatoroka kwenda safari. Leo umefika Morogoro, kesho umepita Mikumi, keshokutwa unaendelea ulipoishia. Nilitaka kulia. Badala yake nikafungua mlango wa upande wa pili nikakaa.

"Naomba lifti," nilisema.

"Unaenda wapi, mama?"

"Popote unakokwenda."

Tukaupanda mlima wote wa Kitonga. Ulinionyesha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni tulikotoka, ukanionyesha kona ambapo mwenzako alikatikiwa breki akaokoka, ukashusha gia tulipoipita. Kule juu ulivuta breki ya mkono, ukapumua, ukakaa ukiwaza. Kisha ukafungua mlango.

"Njoo ukae huku."

"Baba, mimi gari silijui."

"Najua hulijui. Ndiyo maana nakuambia njoo ukae huku."

Fundi wa jirani aliifufua betri, akatupelekea pikapu kwenye ule uwanja mkubwa nyuma ya mashamba, mbali na barabara kuu, mahindi yakiwa yameshavunwa. Tulianza na gia ya kwanza tu. Ulikuwa unaweka kiganja juu ya dashibodi kama mtu anayempima mtoto homa. "Sikiliza. Inalia hiyo. Inakuomba gia." Nikibadilisha mapema unasema, "Umeiwahisha, sasa inajivuta." Na kila baada ya muda unauliza, "Mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba."

"Hakuna njia isiyo na kitu. Tazama tena."

Nikitazama tena naona kisiki. Naona mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu, naona mwanamke mwenye ndoo kichwani anayefikiria kuvuka. Nakutajia vyote. Wewe unatikisa kichwa taratibu, umeridhika, nami najiona nimeuona uwanja ule kwa mara ya kwanza.

Siku ya maharage sitaisahau. Jirani yetu Mama Atupele alikuwa ameyaanika kwenye turubai pembeni mwa uwanja, nami niliyaona, nikakutajia, nikataka kusimama. Mguu ukaenda kwenye mafuta badala ya breki. Tukapita juu ya turubai, maharage yakaruka kama mvua ya mawe, gari likazimika. Mama Atupele akatoka mbio na ungo mkononi.

"Jamani njooni muone! Kipofu anamfundisha kipofu!"

Watu wakatoka. Mimi nikaganda kwenye usukani. Neno lile hakuna aliyekuwa amelitamka mbele yako, hata daktari hakulitamka. Ulifungua mlango, ukashuka ukipapasa boneti mpaka mbele, ukasimama ukiwa umeelekea kando kidogo ya pale alipokuwa.

"Mama Atupele, umesema kweli," ukasema. "Hatukuona. Lakini maharage yako tumeyasikia."

Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, akaziba mdomo kwa kanga, akasema, "Nisamehe, baba Tusekile, ni hasira." Tulishinda pale. Watatu tumekaa chini, tunayaokota, yeye anapepeta, mimi nachambua kwa macho na wewe kwa vidole. Ulikuwa unaitupa changarawe nyuma ya bega bila kusita, harage linabaki kiganjani. Akatuletea viazi vya kuchemsha na chai. Mkasimuliana habari za kahawa ya kwao Mbozi, za ndugu zake, za mvua. Tulipokuwa tunaondoka jua limeshainama, ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi hujaniuliza saa.

Mama alizipata habari sokoni kabla hajafika nyumbani. Aliingia bila kutua kapu. "Mmekubaliana mniachie misiba miwili kwa mpigo?" Ulijaribu kumweleza, akakukatiza. "Sikatai afundishwe. Ila aende chuo cha udereva, apate leseni, ajulikane. Sitaki kusikia tena habari za maharage." Nikaenda chuo, Tunduma. Mwalimu aliponiuliza nani alinizoesha kusikiliza injini, nikamwambia ni baba. "Baba anaendesha gari gani siku hizi?" Nikamjibu kwamba haoni. Alinitazama muda mrefu akidhani namtania.

Na tukaenda Msangano. Shangazi alikuwa mgonjwa wa miguu, na wewe hukuwa umefika kwenu kwa miaka, maana barabara zako zilikuwa zinaelekea kwingine siku zote. Tulikaa watatu mbele, mama dirishani na kapu lake mapajani, wewe katikati. Tulipoanza kuteremka kutoka baridi kuelekea joto la Momba, ulikuwa unanielekeza kila hatua. "Usilale kwenye breki. Shusha gia, injini ikushike." Vumbi, jua, mabonde. Kisha ukaacha kusema. Nilikuwa na wasiwasi nimekuudhi, lakini nisingeweza kukutazama kwa sababu mbele kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, na mchungaji wake hana haraka. Nikashusha gia mwenyewe, nikapunguza, nikasimama. Ng'ombe wakapita wakitugusa kwa mikia.

Mama akaninong'oneza, "Mtazame baba yako."

Ulikuwa umelala. Kichwa kimeinama, mdomo wazi kidogo, mikono imetulia juu ya magoti.

"Tangu anioe," mama akasema, "sijawahi kumwona mtu huyu akisinzia gari likiendeshwa na mwingine. Hata basi. Hata siku ya harusi yetu."

Niliondoa gari taratibu kuliko nilivyowahi kuliondoa, ili usiamke. Shangazi alipokupapasa uso pale uani kwake akauliza, "Nani amekuleta, kaka?" ukasema tu, "Dereva wangu." Chakula chote cha mchana nilikila nikiwa nimeinamisha kichwa ili wasinione ninavyotabasamu.

Uliondoka msimu wa mahindi mabichi, baba, asubuhi, mama akiwa bado hajatoka. Moyo, walisema. Jina langu kwenye ajira lilitoka baada ya arobaini yako, na nilipoliona nilikimbia kibarazani kukuambia kabla sijakumbuka. Nikakaa pale kwenye kiti chako mpaka Mama Atupele akaja akanishika mkono. Ni yeye sasa anayemsaidia mama kuchambua mchele, na pikapu mama hakuiuza. Inaleta mpunga wa Msangano, na nikifika likizo naiendesha mwenyewe. Mama anakaa pembeni yangu akiniuliza mbele kuna nini. Sijui kama anajua kwamba anaongea kama wewe.

Hapa shuleni wazazi huja kuniuliza watoto wafanye nini wakati wa likizo wasije wakaharibika. Nawajibu kama mwalimu: walime bustani, wajifunze kushona, wasome, wajifunze ufundi. Ni ushauri mzuri na ninauamini. Kila kitu nilichokipata mwaka ule kimenifaa. Leseni imenifaa, hata kroshia, maana nimewafundisha wasichana wa darasa langu na vitambaa vyao vimenyooka kuliko chako. Lakini wakishaondoka huwa najiuliza kama nimewaambia lililo kubwa. Nilipoingia kwenye ile pikapu sikuwa natafuta namna nzuri ya kutumia muda. Nilikuona uko mbali peke yako, nikaomba lifti. Mengine yote yalifuata hapo. Sijui namna ya kumwambia mzazi hilo likaeleweka kama ushauri.

Na niseme lingine. Zamani nilizihesabu alasiri zile kama muda uliopotea tukisubiri maisha yaanze, mimi ajira na wewe muujiza wa macho. Leo ningepewa moja tu kati ya hizo, nisingetaka kujifunza chochote. Nisingetaka hata drafti. Ningekaa nawe kibarazani bure kabisa, tugombanie redio, uniulize saa, nikujibu, uniulize tena, na kila mara nikujibu kwa upole ambao siku zile sikuwa nao wote, mpaka tusikie hatua za mama akirudi kutoka sokoni.

Mvua imepungua. Mwenzangu anapuliza moto jikoni na moshi umejaa nyumba nzima, ananiita nikamsaidie kabla hajalia machozi ya kweli. Ngoja niende.

Pumzika, baba. Mama ni mzima, na shangazi bado anakutaja kila siku.

Mimi mwanao na dereva wako,
Tusekile