Mipira ya Kwendea Mwenga

Bukavu, Jumapili, mwezi wa kumi 1957

Mvua tangu alfajiri. Si ile ya radi. Ni ile ndogo, isiyo na haraka, inayoshuka milimani na kukaa juu ya mtaa wetu wa Kadutu kama mgeni asiyejua kuaga. Sikwenda misa. Mume wangu Anselme naye hakwenda.

Binti yetu Fidelina amelala chumba cha nyuma, uso ukutani. Nimempelekea uji, nimeurudisha ukiwa na utando juu. Nikimgusa bega haliondoi, lakini hageuki.

Jipu yetu imesimama mbele ya mlango na mipira yake minne mipya ya magurudumu. Meno yake ni manene kama vidole vya mkulima, na bado yameshika udongo mwekundu wa njia ya Mwenga. Asubuhi jirani mmoja amepita akielekea kanisani, akasimama, akainama kuitazama, akamwambia Anselme, "Papa Fidelina, hii njo mipira! Na hii utafika hata Shabunda." Hakujua. Anselme akamshukuru.

Natamani mtu aje aiibe usiku huu.

Niandike basi, kwa kuwa kusali nimeshindwa.

Jumamosi ya juma lililopita alikuja hapa Tonton Leo, shoferi wa kamio, lori kubwa, anayepakia unga na chumvi kwenda Mwenga. Kule ndiko Fidelina alikoolewa. Mumewe, Kazimiri, ni mtoto wa kulekule, Mulega kwa kabila, anachimba dhahabu, kijana mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Tonton Leo hakukaa. Alisimama na kofia mkononi, nikajua.

"Maman, Fidelina haiko muzuri," alisema. "Miguu imevimba, kichwa inamuluma, hata macho inaonaka giza. Munganga wa dispanseri anasema mumulete huku ku hospitali mbele wakati ya kuzaa ifike."

Nikamwuliza kwa nini hakumpakia yeye mwenyewe.

"Juu ya magunia, Maman? Na ile barabara?"

Alikuwa na haki. Nimeiona barabara ile wakati wa mvua. Gari la dispanseri lenyewe lilikuwa limelala bovu, na Kazimiri alikuwa ameomba kila mahali pa kuomba. Yalibaki macho yake kwetu na kwa jipu yetu. Ni jipu ndefu, ina viti vya nyuma vya kukunja, mtu anaweza kulala juu ya godoro bila kukunja magoti. Anselme aliinunua kwa mkulima Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, akaitengeneza yeye mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka watoto wetu wote wakaenea ndani. Ni gari letu la misa, la soko, la mazishi.

Injini ilikuwa nzima. Mipira ndiyo ilikuwa imekwisha. Ilikuwa laini kama kisigino cha mtoto. Wakati wa jua ilitutosha, lakini mvua zilikuwa zimekwisha kuanza.

Kwa mtu mwingine labda lingekuwa jambo dogo. Kwa Anselme, hapana. Mwaka jana, majira kama haya, mdogo wake Petero alianguka na gari kwenye mteremko wa Ngomo, ule wa kushukia uwanda wa Ruzizi. Anselme ndiye aliyeshuka na kamba kumtoa. Tangu siku ile, mvua ikianza kupiga bati, mume wangu huacha kuongea.

Jumatatu tulikwenda pamoja mtaa wa Nyawera, kwa Mgiriki auzaye vyombo vya magari. Alikuwa na mipira mipya ya kipimo chetu, ya aina moja tu: ile ya barabara kavu, yenye mistari myembamba, mizuri, inang'aa. Ukutani alikuwa ametundika mpira mmoja wa aina nyingine, wa matope, wenye meno. Ulikuwa mmoja, nasi tulihitaji minne.

"Ile ingine inatoka Uvira," alisema Mgiriki. "Jumatano. Kamio iko njiani."

Anselme aliushusha mpira ule mzuri, akaupapasa kama mtu anayepapasa mbuzi sokoni. Akapitisha kidole gumba ndani ya mistari. Kidole hakikuzama. Akaenda kwa ule wa ukutani, akapitisha kidole, kikazama mpaka kwenye kiungo. Akaniita.

"Weka yako," akasema.

Nikaweka changu. Kilizama.

Mgiriki akatuonyesha na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, akasema mabwana wa mashamba wanaitumia, haina shida. Anselme akaitazama kwa muda mrefu. "Petero alikuwa na minyororo," akasema, si kwa Mgiriki, ni kwangu. "Ilikatika."

Basi tukasema tungoje Jumatano. Niliyesema ni mimi. Nilisema, "Tungoje, tufike." Nilidhani ni maneno ya akili. Anselme aliniangalia kwa shukrani, kwa sababu yeye aliogopa kuyasema, asije akaonekana mwoga mbele ya mtoto wake mgonjwa. Tukamwachia Mgiriki jina letu. Tukarudi nyumbani, nikafua mashuka ya Fidelina, nikakaza kamba za godoro.

Jumatano tulifika dukani mapema, kabla ya mlango kufunguliwa. Kamio ilikuwa imefika kweli, matope mpaka kwenye vioo. Tulisimama chini ya ukingo wa paa pamoja na watu wengine. Ikaja pikapu ya shamba moja la kahawa, akashuka bwana mwenye buti, akaingia kwa mlango wa pembeni. Tuliona mipira inapita. Watu wawili waliitoa ikiviringika, mmoja baada ya mwingine, wakaipakia yote, pamoja na ule wa ukutani.

Anselme akaingia, akavua kofia.

"Bwana, jina letu lilikuwa la kwanza."

Mgiriki hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata mtu wa kumchukia sawasawa. Alitazama chini, akapanga misumari iliyokuwa imekwisha kupangwa. "Yule iko bwana mukubwa," akasema. "Nitafanya nini? Kesho kuna kamio ingine. Kesho, kweli."

Tulipofika hapa mlangoni nikashindwa kujizuia, nikasema turudi tuchukue ile ya barabara kavu, twende hivyo hivyo, Mungu atatushika. Anselme akaniuliza kama Mungu alimshika Petero. Mchana ule walikuja watu kwa miguu kutoka upande wa Walungu, wakasema kamio mbili zimelala ubavu baada ya Burhale, kwenye njia hiyo hiyo ya Mwenga, nayo imekuwa kama sabuni. Anselme hakusema "Umesikia?" Angalisema, ningalipata la kumjibu.

Tukangoja tena.

Alhamisi mipira ikaja, yote minne, na Mgiriki mwenyewe alitoka mbio hadi barabarani kutuita. Anselme aliifunga jioni ile ile, akakaza kila nati, akarudia tena. Ijumaa kungali giza tukaondoka.

Lazima niandike na hili, ingawa naona haya. Ile safari ilikuwa ya furaha.

Mipira ilishika. Pale ambapo kila mwaka tulishuka na kusukuma, ilikwea. Matope yalipanda mpaka kwenye milango, jipu ikanguruma, ikatikisika, ikapita. Tulizipita zile kamio zilizolala, watu wake wamekaa kando wakichoma mahindi, wakatupungia mikono. Baada ya Burhale, kwenye mteremko mbaya kuliko yote, Anselme alishusha mwendo, midomo imekauka, mikono migumu kwenye usukani. Jipu ikateremka kama mama aliyebeba mtungi kichwani. Tulipofika chini alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga ya mdogo wake. Akanipiga paja, akasema, "Unaona? Unaona?" Mimi nikaimba. Nikaimba nyimbo za Bikira Maria, moja baada ya nyingine, mpaka msituni, mpaka Mwenga.

Nilikuwa naimba wakati mjukuu wangu amekwisha kuwekwa mchangani.

Tulifika jua limeanza kushuka. Kazimiri alitoka nyumbani kabla hatujasimama vizuri. Nilipotaka kufungua mlango, aliweka kiganja chake juu yake kwa nje, akauzuia nisishuke.

"Maman, bakia kwanza kidogo," alisema. "Bakia ndani."

Na hapo nikaona kwamba wanawake waliokaa barazani hakuna aliyesimama kunisalimu.

Kazimiri alitueleza pale pale, yeye nje, sisi ndani, kioo kimeshushwa. Jumatano usiku Fidelina alipatwa na degedege. Alitetemeka, akauma ulimi, akazimia, ikarudi tena. Mganga wa dispanseri alifanya alichoweza. Mtoto alitoka amekwisha kufa. Mvulana. Walimzika Alhamisi, kwa sababu hawakujua kama tunakuja. Fidelina yuko hai, alisema, yuko hai, Papa, na akairudia kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunabisha.

Anselme hakutoa mikono kwenye usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma. Kazimiri ndiye aliyeingiza mkono na kuizima.

Fidelina alikuwa kwenye mkeka, uso umevimba hata sikuujua mara moja. Nilipiga magoti. Alinitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Maman, nilikuwa nasikilizaka kila motokari," alisema. Ulimi ulikuwa na kidonda, maneno yalitoka mazito. "Kila moja. Nikisikia inapanda kule, nasema ni Papa."

Nilimshika kichwa. Nilisema yale ambayo mama husema, sikumbuki hata moja.

Akamgeukia baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni akizuia mwanga.

"Papa, mulikuwa munangoja nini?"

Anselme angeweza kusema mvua. Angeweza kusema barabara, kamio zilizolala, Mungu. Mume wangu hajui kudanganya.

"Mipira," alisema.

"Mipira?"

"Ya motokari, mwanangu. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha."

Fidelina alikaa akilitafakari neno lile. Aliligeuza mdomoni polepole, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua. "Mipira," akasema mara moja tena. Kisha akageukia ukuta. Tangu hapo ndipo alipo, ingawa ukuta wenyewe umebadilika.

Tulimrudisha jana, tukafika usiku. Kazimiri alibaki, hakupewa ruhusa kazini. Alimfunika miguu kwa blanketi, akatembea kando ya jipu mpaka mwisho wa kijiji akishika dirisha. Kurudi nako tulipita pote, hata mahali pamoja hatukukwama. Nilikaa nyuma na kichwa cha Fidelina mapajani mwangu, na kila jipu ilipokwea vizuri nilitamani ikwame.

Nimejiuliza tangu jana. Kama tungechukua ile ya barabara kavu Jumatatu, tungefika Jumanne. Au tungekuwa bondeni wote wawili, na Fidelina angelilia mtoto na wazazi juma moja. Sijui. Hakuna wa kuniambia. Anselme naye anajiuliza hilohilo, naona jinsi anavyotazama mikono yake, lakini hatuwezi kulisema kati yetu, maana akiniambia nilikosa nitakufa, na akiniambia sikukosa sitamwamini.

Leo mchana nimemwambia Fidelina kwamba kesho, daktari atakapokuwapo, lazima aonwe kule juu, hospitalini. Miguu bado imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Amekubali kwa kichwa. Halafu amesema, bado anatazama ukuta:

"Ku jipu, hapana."

Nimemwambia ni mlima, ni mvua, hawezi kutembea.

"Maman, ile motokari sitapanda tena."

Nimetoka nikamweleza Anselme. Nilifikiri atakasirika, au atanituma nikambembeleze tena. Amesimama, akaingia ndani, akachukua kile kiti chake chenye mikono, akakitoa nje, akakiweka chini ya ukingo wa paa. Amekwenda kwa jirani, yule aliyesifu mipira, amerudi naye wakiwa wamebeba miti miwili mirefu ya mikalitusi. Sasa hivi nawasikia wakiifunga kwenye kiti kwa kamba, mti huku na mti huku, kama tulivyowabeba wagonjwa wetu vijijini kabla hatujajua injini. Jirani ameuliza ni nani atakayebeba mbele. Anselme amesema mbele ni yeye.

Ana miaka yake, na goti lake la kushoto si zima. Kutoka hapa hadi hospitali njia ni ya kupanda yote, na ikinyesha itateleza.

Sikumkataza. Kesho nitatembea kando yao na mwavuli, nikiushika juu ya Fidelina. Labda kwenye kiti, bila ukuta mbele yake, itabidi atazame mgongo wa baba yake. Nitamtazama usoni wakati huo. Sijui nitaona nini.