Beberu Juu ya Gari la Mashindano

Waberi, Garissa

Kwa Mwalimu Mueni, dada yangu,

Assalamu alaykum, nawe nijibu kwa salamu ya kwenu, yote ni amani. Goti lako limepoa? Huko Kitui mvua imenyesha? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ni joto tu. Binti yangu Filsan anasema ukiona mwandiko wangu utacheka. Cheka tu, ni wewe uliyenifundisha kuandika.

Unalikumbuka lile gari la mashindano hapa uani, lenye nambari mlangoni? Mzungu wake alikwama matopeni Balambala, akamshika marehemu mume wangu Rage mkono, akamwambia nitunzie, nitarudi. Hakurudi. Tulipohamia huku Rage alilivuta kwa trekta, akakataa hata taa yake moja ing'olewe. Alisema ni amana ya mtu. Basi mbuzi wakapata kivuli.

Sasa sikia. Mwanangu Abdimalik aliweka beberu kwenye ule mnada wa mifugo wa kwenye simu. Beberu alikuwa amepanda juu ya boneti, akampiga picha hapo hapo. Watu wakapandisha bei, lakini hakuna aliyeuliza umri wa beberu. Mmoja aliandika kwamba beberu abaki kwetu, yeye anataka kile beberu anachokikanyaga. Tulicheka sana. Kisha akaja Kinoti kutoka Nairobi, mnunuzi wa magari ya zamani. Alilala chini ya gari na shati lake jeupe, akatoka anafuta macho. Alisema magari kama hili duniani yamebaki machache mno.

Nikasema haliuzwi, ni amana. Wazee wakaniunga mkono, nikapumua. Lakini Kinoti alimtafuta mzungu mpaka akampata binti yake. Baba alishakufa. Binti akasema kwa simu, wazee wakisikia, kwamba gari sasa ni letu, ni shukrani ya kulitunza. Wazee wakaomba dua, majirani wakanipongeza. Mimi nikaenda kuwanywesha mbuzi.

Mueni, wewe nakuambia ukweli. Sikuwa nalinda amana peke yake. Abdimalik hataki duka wala ngamia. Filsan aliniambia huku analia kwamba ndugu yake akipata pesa hizi ataenda tahriib, ile njia ya vijana wetu ya kuvuka jangwa mpaka Libya, halafu bahari. Mtoto wa Sadiyo, jirani yangu, alipita huko, hajasikika tena. Mpaka leo simu ikilia, Sadiyo anaruka. Nilimuuliza Abdimalik, akasema atanipigia kila Ijumaa. Hakukana.

Abdimalik amekubali bei ya Kinoti, na lori limekuja asubuhi hii. Barua hii naiandika ndani ya gari, nimejifungia. Kinoti anasema hawezi kupakia gari na mama wa watu ndani. Wazee wanasema naaibisha nyumba. Abdimalik amekaa vumbini, ameegemea mlango wangu. Ameniambia, hooyo, mama yangu, toka, joto litakuua. Nimemjibu kwamba yeye anataka kuuawa na maji. Hata hivyo hajaondoka hapo mlangoni. Nami nikitoka gari litaenda, na sijui nitamzuia kwa kitu gani.

Wasalimie wanao, na mama mkwe. Niombee kwa njia yenu, nami nawaombea kwa yetu.

Dada yako,
Sharifo, mama Abdimalik