Keki Yenye Jina Tu

Wendell na Karin,

Nimekwenda kanisani kumenya viazi vya chakula cha Krismasi. Kuku na tambi vimo kwenye oveni, vipasheni moto tu. Zoeni theluji ngazini. Linnea asiulizwe habari za chuo. Majibu ya maombi yake yanatoka saa kumi na mbili jioni, na hilo analijua kuliko sisi.

Wendell, mwanangu, binti yako alikukataza kuvaa sweta ya kile chuo kabla hawajamjibu, eti utamletea mkosi. Leo asubuhi ukaivaa ndani nje, ukadhani hataona. Aliona ukiwa bado unatafuta funguo. Akaniambia, "Bibi, baba ananiombea kwa lebo ya sweta iliyotokeza shingoni." Nikadhani atalia. Badala yake akatoka bila glavu, akakukwangulia barafu kwenye kioo cha gari. Nawe ulipokuta kioo kisafi ukasema jua la leo ni kali. Mshukuru, lakini sweta usiitaje.

Karin, keki iko kwenye friji. ~~Majibu yakija, iandikie "Hongera."~~ Hapana, usiandike kitu. Nilikuwa nimeshaiandika mwenyewe, kisha nikaikwangua kwa kisu, ndiyo maana juu imechubuka. Wakimkataa, nani atakula hongera?

Nimeacha jina lake peke yake. Hilo tulimpa sisi, na chuo hakiwezi kulikataa.

Msiikate kabla sijafika. Wakichelewa kumjibu, ikateni tu, mtoto hajala tangu jana.

Mama