Mama Yangu Nimemtia Kwenye Kopo la Samli

Mpendwa Bi Dawlat, nakuandikia nikiwa na njaa isiyo ya saumu, niokoe kabla ya Idi. Mimi ndiye mwandishi wa tamthilia ya Ramadhani ya yule mjane wa Shubra, ile ambayo Kairo nzima huitazama baada ya futari, na mjane huyo nimemchota kwa mama yangu mzazi, Hajjati Inshirah, kuanzia ushungi wake wa zambarau hadi tabia yake ya kunusa samli amefumba macho kisha kusema, "Hii imekubali," na mama alifurahi hata akawa anaalika majirani waje wamtazame, mpaka kampuni moja ya samli ilipojitolea kutudhamini kwa sharti kopo lake lionekane jikoni, nami nikaona kopo tu, lina ubaya gani, nikaandika mjane analifungua, ananusa, anafumba macho na kusema maneno yale yale.

Mama hajawahi kuingiza samli ya kopo kwake, huyeyusha mwenyewe siagi ya nyati kutoka kijijini. Siku kipande hicho kiliporushwa, sebule yake ilijaa. Jirani wa chini, Umm Wagdi, akaangua kicheko: "Kumbe Hajjati miaka yote unaturingia na samli ya dukani?"

Tangu hapo mama hapokei simu zangu. Nilipokwenda kufuturu kwake alinijibu nyuma ya mlango, "Nenda kwa mama yako wa kwenye kopo, akupikie." Sasa wanawake wa familia wanaandaa kahk, vile vibiskuti vya Idi, na sikuitwa hata kubeba sinia kwenda kwenye tanuri la mtaa. Juu ya hayo, mtayarishaji anataka sehemu ya mwisho mjane apike kahk kwa samli ile ile, la sivyo wadhamini wanajitoa. Nifanyeje?

Asiye na Kahk, Shubra

Mwanangu Asiye na Kahk,

Pole, ingawa nusu ya pole nabaki nayo. Kopo kukaa rafuni tumezoea. Siku hizi hata mahututi wa tamthilia hakati roho mpaka chupa ya maji igeuziwe kamera. Kosa lako ni kuwapa kampuni pua ya mama yako. Mimi nilimwona mjane akifumba macho, kesho yake nikanunua makopo mawili. Mume wangu alipoonja wali akaniuliza amenikosea nini. Sikuliamini kopo, mwanangu, nilimwamini yule mama.

Sasa nenda kwake asubuhi, asije akadhani umefuata futari. Habari za wadhamini ziache mlangoni. Sema, "Mama, nimekukosea mbele za watu," kisha unyamaze usemwe mpaka achoke. Mwombe samli yake kidogo. Sehemu ya mwisho kopo lionekane kama mlivyoahidi, ila liwe limeoshwa na kutiwa samli ya nyati, na mjane aseme hivyo kwa kinywa chake. Akitaka kulisifu, asifu mfuniko. Wadhamini wakinuna, wanune.

Na usiku sehemu hiyo itakaporushwa usijifiche kwako. Mama yako alichekwa sebuleni pake. Kaa miguuni pake, majirani wote wakiwepo, nawe uchekwe.

Bi Dawlat