Kitambaa cha Maua Shingoni mwa Jokofu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, niambie goti lako linaendeleaje, kama shemeji ameacha kukohoa, na kama yule binti yako wa kati bado anaficha maharage chini ya sahani. Sisi huku tu wazima. Cherehani yangu ni nzima, na mume wangu ni mzima kabisa. Mume wangu! Leo ni miezi mitatu na siku nne tangu harusi, na kila nikiliandika neno hilo natamani kuliandika mara ya pili. Usinicheke. Wewe una miaka kumi na sita ndani ya ndoa, umeshazoea. Mimi nikisikia tu begi lake la spana likigonga ukuta wa ngazi, naacha pindo katikati na kwenda kujitazama kwenye kioo.

Kazi zetu zinakwenda vizuri. Yeye bado ni fundi wa majokofu kule karakana, na sifa zake zinazidi kusambaa. Mimi nashona mapazia hapa nyumbani. Meza yangu nimeiweka sebuleni, karibu na dirisha linalotazama kibaraza, ili nipate mwanga, na ili nimwone akirudi saa kumi na moja. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nikupe habari za Jokofu. Nilikueleza kwenye simu kwamba mwenye bucha alitupa mtoto wa mbwa siku ya harusi, kwa shukrani, kwa sababu mume wangu alimtengenezea chumba chake cha baridi usiku wa kuamkia sherehe. Tukadhani ni kijibwa. Kumbe ni wa ile mbegu ya majitu. Ana miezi sita tu, na akisimama kwa miguu ya nyuma anamtazama mume wangu machoni. Jina alipewa siku aliposimama mlangoni mwa jikoni na sisi wawili tukashindwa kupita. Mume wangu akasema jokofu hili halihitaji fundi, linahitaji watu wanne wa kulihamisha.

Roho yake ni nzuri, dada, sijaona mfano wake. Tatizo ni furaha. Akifurahi anaruka, na akikurukia unakwenda chini. Aliteremsha mapazia ya mteja yenye mita kumi na mbili, akayavaa, akatoka nayo nje. Alimwangusha jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, kwenye ngazi pamoja na trei yake ya mayai. Mwalimu aliinuka akiwa na kiini kwenye nyusi, akasema amefundisha miaka thelathini na moja na hakuna darasa lililowahi kumlaza chini, hata lile la tano lililokuwa na mapacha wa kinyozi. Tulimwomba radhi mpaka akacheka mwenyewe.

Wewe uliposikia habari hizo ukatuma ule mkanda wa shingoni wa kupiga shoti ya umeme, pamoja na rimoti yake. Kwenye simu ukaniambia mbwa wenu ulimvalisha wiki moja tu, na tangu hapo ana adabu kama mwanafunzi wa shule ya bweni. Nilishukuru, na bado nashukuru kwa nia yako. Mume wangu aliugeuza mkononi kama anavyogeuza kompresa iliyoungua. Akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe, akaweka namba tatu, akabonyeza. Alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa, halafu akasema kwamba yeye umeme unampiga kwa mshahara. Je, Jokofu analipwa nini? Akauvua, akauweka juu ya kabati, akaniomba tukubaliane kwamba hautatumika. Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo wangu huu, dada, kumbuka hilo.

Lakini mwezi huo huo mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa nyonga, ikaamuliwa kwamba akipata nafuu atakuja kukaa nasi wiki sita. Anatembea na fimbo. Daktari wake amesema akianguka mara moja tu, kazi yote ya upasuaji imeharibika. Mume wangu alifikiri siku mbili, kisha akasema, huku akitazama sakafu, kwamba kama siku ya mama kufika Jokofu atakuwa bado anaruka, basi itabidi arudishwe kwa mwenye bucha. Alikwenda kumbrashi yule mbwa nje kwa saa nzima, mpaka nikadhani atamtoa ngozi.

Tukaanza kumfundisha. Nilimshonea na kitambaa cha shingoni, cha maua mekundu, kutoka kwenye mabaki ya mapazia ya mteja wangu mmoja mwenye saluni. Kipana, cha tabaka mbili. Mume wangu alipokiona alifurahi sana, akasema wake wa wenzake wanawashonea waume zao mashati, wa kwake anamshonea mbwa tai. Akampiga picha, akawaonyesha wenzake wote karakana.

Na kweli, kuruka kukapungua. Siku ya tano Jokofu hakumrukia mume wangu aliporudi. Siku ya sita hakumkimbilia. Siku ya nane mume wangu alipofungua mlango, Jokofu alijikunja chini ya meza yangu ya kushonea, mkia katikati ya miguu, akajikojolea. Mume wangu alimwita kwa jina. Akazidi kurudi nyuma, mpaka cherehani ikasogea.

Dada, hukumwona yule mwanamume wiki ile. Kwanza alisema labda ni harufu ya gesi ya majokofu, akaanza kuacha ovaroli yake karakana na kurudi na nguo za kubadilisha. Haikusaidia. Akabadilisha sabuni. Akaacha kuvaa kofia. Akajaribu kuingia kwa mlango wa nyuma, kwa upole, na mfupa mkononi, kama mtu anayekwenda kuposa. Jokofu alikula mfupa baada ya yeye kuondoka chumbani. Mchana kutwa na mimi alikuwa mbwa yule yule, anacheza, anaiba nyuzi. Ikifika saa kumi na moja anaanza kutetemeka. Mume wangu akaniuliza kama kuna siku alimkanyaga bila kujua. Akaniuliza kama anaongea kwa ukali. Huyu mtu, ambaye hata nzi anamfungulia dirisha!

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mfupi, mikono yake mikubwa, haongei mpaka awe na la kusema. Alimpima masikio, meno, mgongo, nyonga. Akasema hana ugonjwa. Akauliza kama kuna mtu amewahi kumuumiza pale mlangoni. Mume wangu akajibu haraka kwamba haiwezekani, nyumbani wako wawili tu, na mke wake anampenda mbwa huyu kuliko anavyompenda yeye. Akacheka kidogo. Mimi nikatazama bango la minyoo ukutani.

Daktari akaeleza. Alisema mtu akipata maumivu hutafuta yametoka wapi, lakini mbwa hatafuti. Maumivu yakimpata, anayabandika kwenye kile alichokuwa anakitazama wakati ule. Kama alikuwa anatazama jiwe, ataogopa jiwe. Kama alikuwa anamtazama mtu, basi ni mtu huyo, hata kama mkono wake ni safi kama pamba. Alipomaliza alinitazama, au nilidhani amenitazama.

Hapa ndipo nilipotaka kuiacha barua hii, nimeinuka mara mbili nikanywa maji. Basi nikuambie. Ni mimi, dada. Kile kitambaa cha maua nilikifanya kipana na cha tabaka mbili ili kufunika mkanda wako. Kila siku saa kumi na moja kasoro dakika tano niliushusha toka juu ya kabati, nikamvalisha Jokofu na kitambaa juu yake, nikakaa mezani kwangu kama mtu anayeshona, rimoti iko kwenye mfuko wa aproni. Mume wangu anafungua mlango, Jokofu anamkimbilia kwa furaha yake yote, akiinua miguu ya mbele tu, nabonyeza. Mume wangu akienda kuoga nauvua na kuurudisha. Nilianza na namba mbili. Siku ya nne haikutosha, nikaweka tano. Siku nyingine aliruka mara mbili, kwa hiyo jumla ni mara saba. Mara saba yule mnyama alimtazama mtu anayempenda kuliko wote duniani, na papo hapo akachomwa shingoni.

Nilifanya kwa ajili ya mapenzi, naapa. Sikuweza kuvumilia kumwona mume wangu akimfunga Jokofu kamba na kumrudisha bucha. Nilijiambia akishatulia nitautupa ule mkanda, na mume wangu atabaki na mbwa wake na hatajua. Na nilipoona mambo yameharibika nilikumbuka maneno yako ya siku ya harusi, ulipokuwa unanibana nywele na pini ziko mdomoni mwako. Ulisema mume ni wa kupendwa, si wa kuambiwa yote. Nikayashika maneno hayo siku kumi na moja. Nilipika nayo, nikalala nayo. Alipokuwa anabadilisha sabuni, nilikuwa nayo.

Jumamosi asubuhi, siku ya pili baada ya daktari, nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kibaraza, anajinusa mikono. Dada, kunusa mikono yake! Nikaleta mkanda, rimoti na kitambaa, nikaviweka kwenye mapaja yake, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

Hakufoka. Aliuliza mara ngapi, nikamwambia saba. Akauliza namba ngapi, nikamwambia. Mwalimu akapita, akatusalimu, akaona nyuso zetu, akaendelea na safari yake. Halafu mume wangu akasema kitu ambacho sitakisahau. Alisema amefurahi kwamba si yeye. Kisha akasema lakini shoti ile ya namba tano haikumpiga Jokofu peke yake, kwa sababu yeye naye sasa akijisikia vizuri nitakapompikia chakula kitamu au kumsifia shati, itabidi afikirie kwanza kuna nini chini ya kitambaa. Nililia. Hakunibembeleza mara moja. Aliniacha kwanza nilie, halafu akanipa leso yake, yenye grisi.

Tulirudi kwa daktari siku ya Jumatatu, na safari hii ni mimi niliyezungumza. Hakunigombeza. Alisema walio wengi hawarudi kusema. Dawa aliyotupa ni ya kuchosha: mume wangu akifika, asimwite mbwa, asimtazame. Akae chini sakafuni, amgeuzie mgongo, na vipande vya nyama viwe nyuma yake. Mimi nimfundishe Jokofu kukaa kwenye mkeka wake mgeni akiingia, kwa zawadi, mara ishirini kwa siku. Basi kila jioni mume wangu, fundi mzima na heshima zake, anaketi sakafuni, mgongo ameuelekeza kwenye meza yangu ya kushonea, anasoma gazeti kwa sauti ili Jokofu aizoee tena sauti yake. Mimi naketi pembeni. Nimejua habari zote za michezo.

Siku ya nne Jokofu alitoka chini ya meza. Siku ya tisa aliweka pua yake mgongoni mwa mume wangu, katikati ya mabega. Mume wangu hakugeuka, aliendelea kusoma, ila alisoma mstari ule ule mara tatu.

Kuhusu mama mkwe, nilimpigia mimi mwenyewe na kumweleza kwamba mbwa ni mkubwa na bado anajifunza. Akasema amelea wavulana watano, na mdogo wao ndiye mume wangu, kwa hiyo anajua kukaa upande wa pili wa kizuizi. Mume wangu akachukua rafu za majokofu mabovu, akaziunga, akatengeneza mlango nusu kati ya sebule na kibaraza. Mama atakaa upande huu, Jokofu upande ule, mpaka adabu ikamilike. Kazi ya alasiri moja, dada. Alasiri moja, na mimi nilikuwa nimechoma shingo ya Jokofu mara saba.

Mwenye bucha hatarudishiwa mbwa.

Pamoja na barua hii nimefungasha mkanda wako. Utaukuta umefungwa ndani ya kitambaa cha maua. Usikitumie kwa kitu chochote, huku kuna anayekiogopa. Na yale maneno ya siku ya harusi hayafungiki kwenye karatasi, lakini nayo nakurudishia, kwa heshima na mapenzi yote. Pengine kwako yamefaa. Kwangu yamekataa. Ila nikuulize, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kuuliza: mbwa wenu, yule anayeingia nyuma ya pipa shemeji akirudi kazini, mkasema anamheshimu. Siku zile za mkanda alikuwa anamtazama nani? Usinijibu mimi. Mwambie tu shemeji amwite jioni moja, uone.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini jana kimetokea kitu. Mume wangu alifika saa kumi na moja na dakika kumi, kachelewa, kasahau maagizo yote, akafungua mlango akiwa amesimama wima na kuita jina. Jokofu alitoka jikoni mbio, akapita mkeka wake, akaruka, akamwekea miguu yote miwili ya mbele mabegani, wakaenda chini pamoja na begi la spana, na vifungo viwili vya shati vikaruka mpaka chini ya cherehani. Ni kosa lile lile. Hakuna aliyemkanya. Vifungo nimevitafuta leo asubuhi, nimevishona, na nilipomwambia shati hilo humpendeza alinitazama kidogo tu, kisha akalivaa.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto mmoja mmoja, na huyo wa maharage mbusu zaidi. Mume wangu anakuamkia, na mwalimu pia anakusalimu, anasema mayai sasa anayabeba kwenye ndoo yenye kifuniko. Utunze goti lako, usipande ngazi bila sababu.

Ni mimi kitindamimba wako, mke wa fundi.